Uhuru iliyopaa kutoka Ngomeni

Mwulize mwanafunzi yeyote wa Pwani, na hata wa bara, Malindi inajulikana kwa nini. Atakujibu bila kupepesa macho: nguzo ya Vasco da Gama. Ndivyo alivyosomeshwa. Picha yake ameiona vitabuni, na pengine amepelekwa kwa basi la shule akaizunguka, akapigwa picha mbele yake pamoja na wenziwe, akala biskuti zake akarudi nyumbani. Si vibaya. Historia ni historia, na aliyekuja amekuja.

Lakini hebu mwulize mwanafunzi huyo huyo ni kitu gani kilichoondoka Malindi, si kilichofika, uone atakavyokodoa macho. Na hapo ndipo ninapotaka tuzungumze leo, msomaji wangu, kwa sababu nina hakika kwamba katika nyumba nyingi zitakazolisoma gazeti hili Jumapili ya leo, baba, mama na watoto hawajui kwamba mojawapo ya safari kubwa za elimu katika karne ya 20 ilianzia katika maji ya kwetu, tena ikiwa na jina la Kiswahili.

Ukitoka mjini Malindi ukavuka daraja la mto Sabaki, ukapita Mambrui, kisha Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, na hapo ukakata kulia kuelekea baharini, utafika Ngomeni, kijiji cha wavuvi kiasi cha kilomita 30 kutoka mjini. Simama ufuoni utazame bahari. Kwa mbali utaona majukwaa ya chuma yamesimama juu ya miguu yao majini, kama korongo wanaovizia samaki. Moja huitwa San Marco, na kabla ya kuletwa hapo lilikuwa tishari la jeshi la Marekani. La pili, Santa Rita, lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta. Waliyoyaleta ni Waitaliano, chini ya Profesa Luigi Broglio, mhandisi na afisa wa jeshi la anga la nchi yao. Tarehe 26 Aprili 1967 walirusha kutoka hapo setilaiti yao ya kwanza iliyoanzia katika maji yetu. Hadi Machi 1988, zilikuwa zimerushwa tisa: za Waitaliano wenyewe, za Wamarekani, na moja ya Waingereza.

Iliyo kubwa kupita zote kwa kazi ilipaa mchana wa tarehe 12 Desemba 1970. Naam, umeiona tarehe hiyo vizuri. Siku ile taifa zima lilikuwa likiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru, ngoma zikilia, watoto wa shule wakiimba mbele ya wakubwa. Na huko Ngomeni, roketi ya Kimarekani iitwayo Scout ilikuwa ikipandisha angani mzigo wa kilo zisizozidi 150. Katika makaratasi ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, mzigo huo ulikuwa na jina la herufi tupu. Aliyekuwa akiusimamia mradi, mwanamke mmoja mhandisi, Marjorie Townsend, ndiye aliyeupa jina lililobaki: Uhuru. Aliwaheshimu wenyeji wake kwa sikukuu yao.

(Vijana wa siku hizi wakisikia jina hilo hukimbilia kumfikiria Rais wetu wa nne. La hasha! Yeye wakati ule alikuwa mtoto wa miaka tisa.)

Sasa, kwa nini hapa? Kwa nini watu wa Roma na Washington waache viwanja vyao waje kuhangaika na chumvi na mawimbi ya Ngomeni? Jibu la kwanza tunalo chini ya miguu yetu. Dunia inajizungusha, na sisi tulio karibu na ikweta ndio tunaobebwa kwa kasi kubwa kuliko wote. Wewe uliyekaa barazani Malindi ukinywa kahawa, unakwenda mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Mtu wa London anakwenda kwa kilomita 1,040 hivi. Anayekaa kwenye ncha ya dunia anajizungusha tu pale alipo, kama pia. Mmewaona makanga wa matatu wanavyoruka gari likiwa bado linakwenda: haruki kinyumenyume, huruka akielekea linakoelekea gari, akakimbia hatua kadhaa kwa kasi aliyopewa bure. Roketi inayorushwa Ngomeni kuelekea mashariki hufanya hivyo hivyo. Inahitaji kufikia kasi ya kilomita 27,000 na ushei kwa saa ili izunguke dunia bila kuanguka, na sehemu ya kasi hiyo imekwisha kuipata kabla haijawashwa moto. Tena mashariki yetu ni bahari tupu. Vipande vya roketi vinavyoachwa njiani havimwangukii mtu paani.

Jibu la pili lahusu kazi yenyewe ya Uhuru. Kuizunguka dunia kuna maeneo ya chembechembe zenye umeme ambazo huvuruga vyombo vya kupimia. Setilaiti inayopita juu ya ikweta, karibu na dunia, huyaepuka kwa kiasi kikubwa. Na Uhuru ilihitaji utulivu, kwa sababu ilikuwa imetumwa kutafuta kitu ambacho hakuna jicho la binadamu lililopata kukiona: nyota zinazotoa eksirei.

Eksirei hizi ni zile zile za hospitalini zinazopita mwilini zikaonyesha mfupa uliovunjika. Huko mbinguni hutoka mahali penye joto la kutisha, la mamilioni ya digrii. Lakini hewa yetu huzizuia zote zisifike chini, na ni bora hivyo, maana zingefika tusingekuwapo hapa kulizungumza jambo hili. Anayetaka kuziona hana budi kutoka nje ya hewa. Mwaka 1962 mwanasayansi aitwaye Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alirusha na wenzake roketi ndogo iliyokaa juu dakika chache tu kabla ya kurudi. Katika dakika hizo waligundua nyota moja yenye kutoa eksirei kwa wingi ambao hakuna aliyeutarajia. Kwa miaka iliyofuata utafiti ukawa ni wa dakika chache chache, kama mtu anayejaribu kulisoma gazeti kwa mwanga wa radi. Uhuru ndiyo iliyowasha taa. Ilikaa ikifanya kazi zaidi ya miaka miwili, hadi mwaka 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vitu 339.

Kati ya hivyo kimoja kilikuwa na vituko. Kiko katika kundi la nyota ambalo wataalamu huliita Cygnus, nacho kikaitwa Cygnus X-1. Uhuru iliona kwamba mwanga wake wa eksirei unapepesuka, unazidi na kupungua chini ya muda wa sekunde moja. Hapo fikira nzuri ya kisayansi ikafanya kazi. Kitu kikubwa hakiwezi kubadilika chote kwa haraka kiasi hicho, kwa sababu habari haziwezi kukivuka kwa kasi kuliko nuru. Basi ni kidogo. Wanafalaki wa Uingereza na Kanada wakaigeuzia darubini zao nyota kubwa ya buluu iliyo mahali pale pale, wakaikuta inazungukana na mwenziwe asiyeonekana kila baada ya siku tano na nusu hivi. Wakapiga hesabu ya uzito wa huyo asiyeonekana, ukatoka mkubwa mno kwa kitu kidogo namna ile. Lililobaki ni jibu moja ambalo hadi wakati huo lilikuwa la kwenye karatasi tu: shimo jeusi.

Barazani Mambrui mzee mmoja mvuvi aliniuliza shimo hilo ni kitu gani, nikajaribu kumweleza. Nilimwambia, mzee wangu, fikiria kisima chenye mvuto hata ukitumbukiza ndoo hairudi, ukitumbukiza kamba hairudi, na ukimulika tochi hata ule mwanga haurudi. Akafikiri kidogo. "Na kama mwanga haurudi," akasema, "mumejuaje kwamba kiko?" Hilo, msomaji, ndilo swali lenyewe, na mzee huyo hakulisomea chuo kikuu chochote. Jibu ni kwamba kisima hakionekani, lakini watu wanaogombania kuchota huonekana. Gesi ya ile nyota ya buluu huvutwa na shimo, na kabla ya kutumbukia huzunguka na kusuguana hata ikawaka kwa joto lile la kutoa eksirei. Mlio wa mwisho wa kinachozama ndio ulioisikilizisha Uhuru.

Wanasayansi nao ni binadamu, msidhani vinginevyo. Mwaka 1974, Stephen Hawking, aliyekuwa ameyafanya mashimo meusi kuwa kazi ya maisha yake, aliwekeana dau na mwenziwe Kip Thorne kuhusu Cygnus X-1. Hawking aliweka dau kwamba si shimo jeusi! Hesabu yake ilikuwa hii: ikitokea kwamba mashimo meusi hayapo, kazi yake yote imepotea, lakini angalau atakuwa ameshinda dau. Ni bima. Nimewahi kuwaona wanasiasa wetu wakifanya hivyo hivyo usiku wa kuamkia uchaguzi, mguu mmoja huku na mmoja kule, ila wao hawaandiki kwenye karatasi. Mwaka 1990 Hawking alikubali ameshindwa, akalipa: kumnunulia mwenziwe kwa mwaka mzima gazeti moja ambalo siwezi kulitaja katika ukurasa wa familia. Na Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Ndiyo safari iliyoondoka kwetu. Turudi sasa kwa yule wa nguzo.

Vasco da Gama alipofika Malindi Aprili 1498, alikuwa amekwisha kukorofishana na watu wa Mombasa, na alichokitafuta si maji na machungwa peke yake. Alitafuta mtu wa kumvusha. Mfalme wa Malindi, ambaye naye hakuwa akiivana na Mombasa (mpatie kila mtu siasa zake), akampa rubani. Waliondoka tarehe 24 Aprili, kusi ndiyo inaanza kushika, na tarehe 20 Mei walikuwa mbele ya Calicut. Siku 26! Wakati wa kurudi, Mreno hakungoja kaskazi ishike. Akang'oa nanga mapema Oktoba, upepo ukamkataa, akakaa baharini karibu miezi mitatu huku mabaharia wake wakivimba fizi na kufa, hata akaifikia Malindi Januari 1499 akiwa hoi. Bahari ni ile ile na merikebu ni zile zile. Tofauti ilikuwa mtu anayejua.

Mtu huyo ni nani? Vitabu vya shule vilisema kwa miaka mingi kwamba ni Ahmad ibn Majid, yule bingwa wa bahari wa upande wa Omani. Wanahistoria wengi wa leo hawakubali. Barros, mwandishi wa Kireno wa karne ya 16, anamtaja kuwa Mwislamu wa Gujarat na kumwita Malemo Cana. Sasa litazame jina hilo. Malemo halihitaji mkalimani: ni maalim, mwalimu. Na Cana, wasemavyo wataalamu, latokana na lugha za kusini mwa India, maana yake mtu wa hesabu za nyota. Kwa hiyo hata hilo si jina. Ni cheo! Ni kana kwamba mimi leo nimwandike daktari aliyeniokoa maisha kuwa jina lake ni "Daktari Wasindano". Bwana mkubwa alijengewa nguzo. Aliyeshika kipande cha ubao na uzi wenye mafundo, akapima kimo cha nyota usiku hadi usiku, hatujui hata mama yake alimwitaje.

Mimi naona kisa cha 1498 na cha 1970 ni kisa kimoja. Mara zote mbili mahali petu palikuwa na zawadi ya bure: pepo za misimu kwanza, halafu mzunguko wa dunia. Mara zote mbili elimu ilikuwa ya nyota. Tofauti ni hii, nayo yanikera: mara ya kwanza aliyejua nyota alikuwa wa upande wetu wa bahari, na mgeni ndiye aliyekuwa akiuliza njia. Mara ya pili waliojua walikuja na elimu yao, wakaondoka nayo, wakatuachia neno letu wenyewe lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Wapo watakaosema hilo si jambo, muhimu ni kodi. Na kweli kila mara mambo ya Ngomeni yakizuka bungeni au kwenye mikutano ya hadhara, swali huwa ni hilo: tunalipwa ngapi? Mkataba wa Kenya na Italia wa mwaka 1995 uliwekewa miaka 15. Mwingine ulitiwa saini mwaka 2016. Sisemi kodi isiulizwe. Lakini watu wa pwani hii wana sababu ya kuwa na hadhari na neno kodi. Mwaka 1895 Waingereza walikubaliana na Sultani wa Unguja kuutawala ukanda wa maili kumi kwa malipo ya pauni 11,000 kila mwaka, na malipo hayo yaliendelea hadi uhuru ukaribie. Aliyekuwa akiishi Takaungu au Mambrui hakuulizwa, wala hakuionja pesa hiyo. Na mwaka 1913, Wagiriama walipotakiwa watoe kodi na vijana wa kufanya kazi, Mekatilili wa Menza alisimama akawaapisha watu wasitii. Kodi ina desturi ya kupita juu ya vichwa vya wenye mahali, mfano wa ile setilaiti.

Kuna mwaka ambapo serikali zetu zilijaribu kuidai hata anga. Desemba 1976 nchi nane zilizo kwenye ikweta, Kenya, Uganda na Zaire ya wakati ule zikiwamo, zilitangaza huko Bogotá, Kolombia, kwamba ile sehemu iliyo juu yake, kilomita 36,000 kutoka chini, ni mali yake. Huko juu setilaiti huchukua siku nzima kuizunguka dunia, kwa hiyo huonekana kama imetundikwa pale pale, na ndiyo sababu za simu na televisheni huwekwa huko. Mataifa makubwa yakajibu kwamba mkataba wa mwaka 1967 unakataza nchi yoyote kumiliki anga za juu. Hoja ya Bogotá ilikufa. Kisheria ilikuwa dhaifu, nakubali. Kamba ya kumfungia ng'ombe aliye kilomita 36,000 haijasokotwa. Lakini waliokuwa wakiwacheka wale wa Bogotá ndio hao hao waliokuwa wamejaza setilaiti huko.

Mimi ningeuliza swali jingine kabla ya lile la pesa: ni vijana wangapi kutoka Ngomeni, Marafa, Ganze na Kilifi wanaoweza kukisoma kinachoshuka kutoka juu? Si kulinda lango wala kufagia. Kukisoma. Maana mambo hayajafa. Roketi hazijarushwa pale tangu mwaka 1988, lakini kituo cha nchi kavu, ambacho leo kinaitwa kwa jina la Broglio, bado kina masikio yake makubwa yameelekezwa juu. Na sisi wenyewe tumeanza. Chuo Kikuu cha Nairobi, kikisaidiwa na chuo cha Sapienza cha Roma, kilikuwa na setilaiti yake ndogo mwaka 2018. Mwaka 2023, mwezi wa Aprili, ikapaa Taifa-1, ya kupiga picha za mashamba na misitu. Ilipaa kutoka California. Nilipoandika habari hiyo kwa rafiki mmoja wa Malindi, alinijibu kwa hasira kwamba tumewaomba watu baiskeli na yetu imeegeshwa mlangoni. Kwa haki, si hivyo kabisa: Taifa-1 hupita juu ya ncha za dunia, kaskazini hadi kusini, na kwa safari ya namna hiyo zawadi ya ikweta haisaidii kitu. Tena baiskeli yenyewe haijapandwa tangu mwaka 1988 na magurudumu yake yamo kwenye maji ya chumvi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo nilitaka vijana walijue. Desemba 2021 Wamarekani na Waitaliano walirusha setilaiti iitwayo IXPE, ya kuchunguza eksirei kwa namna ambayo Uhuru haikuweza, na kituo kikuu cha kupokea habari zake kikawa ni Malindi. Mojawapo ya vitu vya kwanza ilivyovitazama ni Cygnus X-1. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022. Kwa hiyo habari za shimo lile lile, zilizotumia zaidi ya miaka 7,000 njiani, zilikuwa zikiteremka Ngomeni, huku mama zetu wakipaa samaki hatua chache kutoka hapo.

Mwenye kutaka kuona kundi lenyewe si lazima awe na darubini. Katikati ya Septemba, saa tatu za usiku, toka uani uipe mgongo kusi utazame kaskazini. Utaona nyota angavu kiasi cha nusu ya njia kati ya upeo na utosi. Wazungu huiita Deneb, lakini hilo ni neno la Kiarabu, dhanab, yaani mkia. Mabaharia wa zamani walimwona kuku pale. Fuata mwili wa ndege huyo kwenda juu, na katikati ya shingo yake ndipo lilipo shimo, halionekani. Ukimtazama kutoka Malindi, kichwa chake kimeelekea kusini.